Kilimani, bondeni au ufukweni: redio husikia mbali ikiwa wapi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nina redio ndogo ya masafa ya kati na masafa mafupi, pamoja na waya wa mita 20 hivi ninaoutumia kama antena. Naishi ghorofa ya tatu katikati ya mji, na nikiiwasha usiku nasikia mngurumo kuliko sauti za watu. Mwishoni mwa wiki naweza kwenda sehemu mbili: nyumba ya rafiki iliyo kileleni mwa kilima, jirani kabisa na minara ya simu na ya FM, au shamba la mjomba lililo bondeni, ambako umeme haujafika. Kila ninayemuuliza ananiambia nipande kilimani, eti redio inataka juu. Ufukwe wa bahari nao upo, mwendo wa saa mbili. Niende wapi?"

Marahaba, mwanangu. Kwa redio hiyo uliyonayo, ufukweni ndiko kwa kwanza na shambani kwa mjomba ni kwa pili. Kile kilima chenye minara kinashika mkia, na sitashangaa kikishindwa hata na ghorofa yako. Wanaokuambia upande juu hawakudanganyi. Wanakupa ushauri sahihi wa redio nyingine.

Redio hiyo nyingine ni ya FM. Mawimbi ya megahezi 88 hadi 108 husafiri karibu na mstari ulionyooka, yakijikunja kidogo tu kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo antena isiyouona mnara hupata makombo. Upeo wake unaweza kuukadiria mwenyewe: tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha mnara kwa mita, uzidishe kwa 4.12, kisha ufanye hivyo hivyo kwa kimo cha antena yako na ujumlishe majibu mawili. Mnara wa mita 300 unatoa kilomita 71. Antena yako ikiwa mita 10 juu ya ardhi tambarare inaongeza 13, jumla 84. Ipeleke kwenye kilima cha mita 500 na jumla inafika kilomita 163, karibu mara mbili, bila kubadilisha kifaa chochote. Televisheni za antena hufuata kanuni hiyo hiyo, ndiyo maana watu wote wameshika neno "juu".

Masafa yako wewe yana njia yake. Masafa ya kati, ambayo sehemu kubwa ya dunia huanzia kilohezi 531 hadi 1602, na masafa mafupi ya megahezi 3 hadi 30, hupanda hadi ayonosfia, yaani tabaka za hewa nyepesi zilizochajiwa na mwanga wa jua, na kurudishwa chini mbali sana na yalikotoka. Tabaka kuu linalofanya kazi hiyo, wanaloliita F, liko kilomita 200 hadi 400 juu ya vichwa vyetu. Mita 500 za kilima ukizilinganisha na kilomita 300 za anga hazina uzito. Chini ya F lipo tabaka la D, kati ya kilomita 60 na 90, ambalo mchana humeza masafa ya kati na masafa mafupi ya chini. Jua likizama linatoweka haraka, na ndiyo sababu usiku redio yako inajaa vituo vya mbali ambavyo mchana havikuwapo.

Basi ikiwa urefu wa mahali si hoja, hoja ni nini? Kelele. Ningeruhusiwa kukujibu kwa neno moja, ningeandika hilo na kuweka kalamu chini.

Fanya jaribio hili leo usiku hapo hapo ghorofani. Weka redio kwenye masafa yasiyo na kituo, antena ikiwa imeunganishwa, usikilize mngurumo. Kisha chomoa antena. Kama mngurumo umeshuka kwa kiasi kikubwa, maana yake kelele inatoka nje, na redio yako tayari ina uwezo wa kuisikia yote. Kuanzia hapo, kurefusha waya au kununua kikuza mawimbi ni kuongeza kituo na kelele kwa kipimo kile kile. Mshale wa nguvu ya mawimbi utapanda na utafurahi, lakini maneno hayatasikika zaidi. Redio iliyo karibu na mitambo ya umeme ni kama mtu anayenong'onezwa kando ya mashine ya kusaga: huwezi kumsaidia kwa kumwongezea masikio, unamwondoa pale. Nimeona watu wengi wakimaliza fedha kwenye antena kabla ya kujiuliza swali hili, na sipendi kuona tena.

Tofauti ya kelele kati ya mahali na mahali imepimwa. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, una pendekezo linaloitwa P.372 linalogawa maeneo katika makundi manne: jiji, makazi, mashambani, na mashambani penye utulivu mkubwa. Kwenye megahezi 10, kelele ya jiji iko wastani wa desibeli 49 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu, ambapo kila 10 ni mara kumi) juu ya kiwango cha msingi cha kelele ya joto, ile ndogo kabisa isiyoepukika, ya makazi 45, ya mashambani karibu 40, na ya mashambani palipotulia 25. Kutoka jijini hadi kule kwa utulivu ni desibeli 24, ambazo kwa hesabu ya nguvu ni mara 250 hivi. Igeuze hesabu: kituo cha kilowati 100 unachokipata kwa taabu mjini kinalingana na kituo cha wati 400 kwenye kimya hicho. Hakuna antena ya dukani itakayokupa kitu kama hicho. Na zingatia kwamba takwimu hizo zinatokana na vipimo vya miaka ya 1970, kabla chaja, taa za LED na vifaa vya intaneti havijajaa kila chumba.

Wakosaji wa siku hizi ni vifaa vinavyokatakata umeme kwa kasi ili kubadilisha volti. Chaja za simu na za kompyuta, hasa zile nyepesi kupita kiasi zilizotengenezwa bila vichujio, ndizo za kwanza. Taa za LED zinafuata, kisha inveta za sola na vidhibiti vyake vya chaji, halafu vile vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba. Hivi vya mwisho navichukia kuliko vyote, maana vinaifanya nyumba nzima kuwa antena ya kurushia kelele. Laini za simu za VDSL, zinazoleta intaneti ya kasi kwa waya wa simu, hutumia masafa hadi megahezi 17, na nyingine hadi 30, yaani humo humo mnamoishi masafa mafupi. Lifti na mota zenye brashi zina mlio wake. Uzio wa umeme wa mifugo unagonga tik, tik, karibu kila sekunde, na kwenye redio unasikika mbali sana na ulipo.

Nyaya kubwa za umeme nje zina tabia inayostahili kujulikana. Mlio wake wa kukwaruza kwa kawaida si wa umeme unaopita ndani ya waya, ni wa cheche ndogo zinazoruka palipolegea au kwenye vikombe vya kauri vilivyochafuka. Kipindi cha ukavu na vumbi cheche huongezeka, mvua ikinyesha vizuri mara nyingi zinanyamaza. Mahali palipokuwa pabaya wakati wa kiangazi panaweza kuwa pazuri masika, usipahukumu kwa siku moja. Cheche za namna hiyo huweza kusikika kilomita nzima au zaidi, hasa kwenye masafa ya kati, na hufuata waya wenyewe kama njia. Kelele ya vifaa vidogo vya nyumbani, kinyume chake, hupungua upesi ukisogea. Kutoka mita 2 hadi mita 30 mbali na ukuta wa nyumba, chaja iliyokuwa inaziba kila kitu inaweza kupotea kabisa.

Sasa turudi kwenye kilima cha rafiki yako. Minara ya simu yenyewe hurusha kwenye mamia ya megahezi na kuendelea, mbali na masafa yako. Kinachokusumbua ni vilivyo chini yake: mitambo ya kugeuza umeme ili kuchaji betri, viyoyozi, taa za kuonya ndege, wakati mwingine jenereta. Mnara wa FM ni tatizo jingine kabisa. Mawimbi yake ukiwa chini yake ni makali kiasi cha kuzidi uwezo wa sakiti za mbele za redio ndogo, nazo zikizidiwa huanza kuchanganya vituo na kuzaa vingine visivyokuwapo. Dalili yake utaitambua: muziki wa kituo kimoja unaokufuata sehemu tano za masafa mafupi, na unatoweka ukifupisha antena. Zaidi ya hapo, kileleni antena inauona mji wote ulio chini, na kelele za mji wote zinaiona antena.

Nisikionee kilima, hata hivyo. Kilima kitupu, kisicho na mnara wala laini ya umeme, chenye mteremko mkali kuelekea upande wa kituo unachokitaka, ni mahali pazuri mno hata kwa masafa mafupi. Mteremko husaidia mawimbi yanayokuja chinichini, karibu na upeo wa macho. Sababu ya kuyajali mawimbi hayo utaiona tukishuka bondeni.

Bonde lina sifa mbaya isiyostahili yote. Tuchukue wimbi lililoruka mara moja tu kwenye tabaka lililo kilomita 300 juu. Likitoka kituo kilicho kilomita 500 kutoka kwako, linakufikia kwa pembe ya nyuzi 48 hivi, yaani linashuka karibu kutoka juu ya paa. Kituo kikiwa kilomita 2,000, pembe inashuka hadi 12. Kikiwa kilomita 3,000, ni nyuzi 4 tu. Mlima wenye kimo cha mita 500 juu yako, ukiwa kilomita 2 kutoka ulipo, unaziba nyuzi 14. Kwa hiyo bonde hilo litakusikilizisha nchi za jirani kama kawaida na litakuzibia nyingi ya zile za mbali kwa upande huo wa mlima, huku upande ambao bonde limefunguka likikuachia njia. Usemi kwamba bondeni redio haishiki unatokana, tena, na FM.

Kupima pembe hizo hakuhitaji chombo. Nyosha mkono mbele yako na ukunje ngumi: upana wake ni karibu nyuzi 10. Simama pale utakapoweka antena, anzia usawa wa macho na uhesabu ngumi ngapi zinafika ukingo wa mlima. Nusu ngumi pande zote, shamba la mjomba ni lulu. Ngumi moja na nusu upande wa magharibi, basi vituo vya mbali vya magharibi utavikosa wakati mwingi, lakini vya pande nyingine havizibwi. Na kama bonde ni korongo, ngumi tatu kila upande, badilisha uamuzi wako, japokuwa hata hapo utasikia vituo vya kilomita mia kadhaa kwa usafi ambao mjini hukuwahi kuupata. Kuna jambo moja wasilolisema wapenda vilele: mlima huo huo unaokuzibia mawimbi ya chini unakuzibia pia sehemu ya kelele za mji ulio nyuma yake.

Muulize mjomba maswali mawili kabla hujafunga safari. La kwanza, je, ana pampu ya sola, taa za sola au uzio wa umeme? Shamba "lisilo na umeme" siku hizi mara nyingi lina vyote vitatu, na kidhibiti kimoja cha chaji kinaweza kuharibu mchana wako wote. Usiku paneli zikilala, mara nyingi nacho hunyamaza. La pili, laini kubwa ya umeme inapita wapi? Kama iko umbali wa kilomita 1 au zaidi, usiwe na wasiwasi sana. Kama inakatiza shamba, nenda mwisho ulio mbali nayo na utandaze waya wako kwa pembe ya mraba nayo.

Tufike baharini, ambako ndiko ningekuwa mimi.

Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa kiwango cha siemens 5 hivi kwa mita (siemens ni kipimo cha urahisi wa umeme kupita). Udongo wa wastani ni kama 0.005, na ardhi kavu ya mawe ni 0.001. Bahari inaishinda ardhi mara 1,000 hadi 5,000. Tofauti hiyo inafanya mambo mawili. Kwanza, mawimbi ya masafa ya kati yanayotambaa juu ya uso wa dunia hayachoki upesi yakiwa juu ya maji, na ndiyo maana ufukweni unaweza kusikia mchana kweupe kituo kilicho ng'ambo ya bahari, mamia ya kilomita, wakati umbali huo huo nchi kavu ungekupa kimya. Pili, mawimbi yanayoshuka kutoka angani kwa pembe ndogo, zile nyuzi 4 na 12 tulizoziona, hugonga bahari na kuakisiwa karibu yote, yakaungana na yale yanayokuja moja kwa moja. Nchi kavu huyameza mengi ya hayo. Faida hii ya pili ni ya antena zilizosimama wima. Waya uliolala haupati sehemu kubwa ya zawadi hiyo, basi ufukweni tafuta kijiti kirefu cha plastiki au cha mianzi na usimamishe waya wako.

Swali linalofuata huwa ni hili: niwe karibu kiasi gani na maji? Jibu linategemea urefu wa wimbi. Kilohezi 1000 ni wimbi la mita 300, kwa hiyo ukiwa mita 100 kutoka majini bado uko ufukweni kwa hesabu ya redio. Megahezi 15 ni mita 20. Hapo mita 100 tayari ni bara, na antena ikiwa palipo na mchanga wenye maji ya chumvi unasikia tofauti ambayo mtu aliye nyuma ya safu ya nyumba za ufukweni hataamini. Genge la bahari linaunganisha vyote viwili, mteremko na chumvi. Hoteli ya ufukweni yenye taa za LED mia moja haiunganishi chochote.

Ziwa la maji baridi watu hulichukulia kama bahari. Linakupa upeo ulio wazi na upande mzima usio na nyumba, na hizo ni faida kubwa, lakini maji yake yanapitisha umeme kama udongo wa kawaida tu, wakati mwingine chini ya hapo. Kinamasi cha mikoko au uwanda wa chumvi una thamani zaidi.

Historia ya redio imejaa watu waliolijua hili, wengine kwa hesabu na wengine kwa kubahatisha. Tarehe 12 Desemba 1901, Marconi, mmoja wa waanzilishi wa redio, alikuwa Signal Hill, Newfoundland, ambayo leo ni sehemu ya Kanada, kilima kinachotazama Atlantiki, waya wake ukiwa umeinuliwa kwa tiara, akatangaza kwamba amesikia ishara kutoka Poldhu, Cornwall, Uingereza. Wataalamu wengi wa baadaye wametilia shaka, kwa kuwa ilikuwa mchana, saa ambazo tabaka la D humeza masafa kama aliyotumia. Sina sababu ya kuamua kesi hiyo hapa. Kisa kisicho na ubishi ni cha Desemba 1921: Mmarekani Paul Godley alivuka bahari hadi Ardrossan, pwani ya Uskoti, akapiga hema kwenye uwanja wenye baridi na tope, akatandaza antena ndefu ya Beverage, na akasikia vituo vya wanaredio wa ridhaa wa Marekani vya nguvu ndogo, ambavyo wakati huo wengi hawakuamini vingeweza kuvuka Atlantiki. Angalia alichokichagua: pwani, uwanja wazi, waya mrefu. Hakutafuta mlima.

Antena hiyo, iliyopewa jina la Harold Beverage, inaleta jambo linalopinga nusu ya niliyosema. Ni waya wa mita mia kadhaa unaotandazwa mita 2 au 3 juu ya ardhi kuelekea kituo, ukizamishwa ardhini mwishoni kupitia kipingamizi, kifaa kidogo kinachopunguza mwendo wa umeme. Unafanya kazi kwa sababu wimbi linalopita juu ya ardhi isiyopitisha umeme vizuri huinama mbele kidogo, na mwinamo huo ndio unaosukuma umeme kwenye waya. Juu ya bahari wimbi haliinami, hivyo Beverage iliyowekwa juu ya maji ya chumvi ni bure. Mwenye shamba kubwa la mawe na mchanga mkavu asijione maskini. Ana ardhi inayofaa antena bora kabisa ya masafa ya kati, mradi awe na nafasi. Shamba la mjomba likikuruhusu mita 200 za mstari ulionyooka, jaribu.

Kuna ubaya na uzuri wa mahali usioweza kuukimbia kwa gari, nao ni latitudo. Radi za dunia zimejikusanya zaidi katika sehemu tatu: Afrika ya Kati, Amerika Kusini, na visiwa vya kusini mashariki mwa Asia. Ziwa Maracaibo la Venezuela na milima ya mashariki mwa Kongo ziko mbele ya orodha. Kila radi ni mtambo wa kurusha kelele, na kelele zake husafiri kwa njia zile zile za ayonosfia, usiku zaidi kuliko mchana, masafa ya chini zaidi kuliko ya juu. Aliye ukanda wa tropiki msimu wa mvua atasikia mikwaruzo kwenye masafa ya kati hata akiwa mahali pasipo na balbu moja, na hapo ile faida ya mara 250 hupungua sana. Hamia megahezi 15 au 17, mikwaruzo itashuka. Au subiri masaa ya mwisho kabla ya alfajiri, dhoruba nyingi za jioni zikiwa zimekwisha.

Walio kaskazini kabisa wana bahati ya namna nyingine. Wasikilizaji wa Kifini huenda hadi vibanda vya Lemmenjoki na Aihkiniemi huko Lapland, na Kongsfjord pwani ya kaskazini mwa Norwe inajulikana vilevile, kwa sababu majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki kadhaa, tabaka la D halijengeki, na masafa ya kati hubaki wazi karibu saa zote. Wakiwa na Beverage ndefu msituni husikia vituo vidogo vya Amerika Kaskazini na vya visiwa vya Pasifiki. Gharama yake ni kwamba dhoruba ya sumaku inayoleta mianga ya kaskazini huweza kufuta kila kitu kwa siku kadhaa.

Utalinganishaje mahali pawili bila kujidanganya? Usitegemee mshale wa redio, kwa kuwa unahesabu kelele pia. Tumia kituo kile kile, saa ile ile, redio ile ile kwa betri, na ujiulize kama maneno yanaeleweka. Vituo vya saa, yaani vinavyotangaza saa kamili mfululizo, vinafaa: WWV ya Fort Collins, Colorado, ipo kwenye megahezi 5, 10 na 15, na BPM ya China hutumia masafa hayo hayo. Redio yako ikiwa na SSB, ile namna ya kupokea inayowezesha kusikia pia milio ya Morse, una kipimo bora zaidi. Northern California DX Foundation, shirika la wanaredio wa ridhaa, huendesha vituo 18 vilivyotawanyika duniani, vinavyopokezana kwenye megahezi 14.100 na masafa mengine manne, sekunde 10 kila kimoja, mzunguko mzima dakika 3. Kila kimoja hutaja jina lake kwa Morse, kisha hutoa milio mirefu minne: wati 100, wati 10, wati 1, na sehemu ya kumi ya wati. Hesabu unasikia milio mingapi. Mjini ukisikia mmoja na shambani mitatu, huna haja ya kumuuliza mtu tena. Kituo fulani kikikosekana siku hiyo usihuzunike, baadhi hukaa bila kufanya kazi kwa muda mrefu.

Ukifika shambani, zima injini ya gari na usiache chaja ndani yake. Simu iweke mbali na redio. Anza nusu saa kabla ya jua kuzama, kwa sababu machweo na mapambazuko ndiyo saa ambazo njia za mbali hufunguka, kisha urudi kusikiliza kabla ya alfajiri. Mawingu ya radi yakianza kujikusanya, chomoa waya na uutupe nje. Hapo hakuna mjadala, iwe bondeni, ufukweni au popote.

Imebaki ghorofa yako, ambako utakuwa siku nyingine zote za wiki. Jengo la zege lenye nondo na mabati hunyonya masafa ya kati kabla hayajafika mezani kwako, huku kelele za majirani zikiwa tayari zimo ndani. Kaa dirishani au barazani. Zungusha redio yenyewe taratibu ukiwa kwenye masafa ya kati: antena yake ya ndani, ule mti mweusi wa feraiti, haisikii kitu kilicho usawa wa ncha zake, basi elekeza ncha kwenye kelele inayokukera zaidi uone itakavyozama. Kwa masafa mafupi, antena ya duara ya waya, kipenyo chake mita 1 hivi, huzungushwa kwa njia hiyo hiyo, na ndani ya jengo nitaichagua kuliko waya wako wa mita 20. Paa la jengo si lazima liwe bora, kwa kuwa mota ya lifti mara nyingi iko huko huko. Kisha chukua redio ndogo, tembea nyumba nzima ukichomoa kifaa kimoja kimoja. Umeme ukikatika mtaa mzima, kimbilia redio kabla ya mshumaa, ujue kelele za mtaa zinakugharimu kiasi gani. Na usiku ambao huwezi kutoka na majirani wote wamewasha kila kitu, Chuo Kikuu cha Twente huko Uholanzi kina kipokezi kilicho wazi kwenye intaneti kinachosikia kuanzia masafa ya chini kabisa hadi megahezi 29. Kiweke kwenye kituo kile kile ulicho nacho wewe, sikio moja kule na jingine kwako.